Filamu ya Kuusifu Mto Ruaha
Kuupiga picha mto uliohifadhiwa ni jambo la kheri, wasikilizaji, maana raia aliyetaabika kwa ajili yake anastahiki kuona thamani ya taabu hiyo. Lakini yeyote anayeazimia kutengeneza filamu ya kuzisifu juhudi za kuuokoa Ruaha Mkuu, mto ambao tangu 1993 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hata viboko wakasongamana katika vidimbwi vya tope, asiridhike kutuonyesha tembo wakinywa maji. Na apande hadi bonde la Usangu, awasikilize wakulima wa mpunga ambao mifereji yao huyachukua maji kabla hayajakifikia kinamasi cha Ihefu; awatafute wafugaji walioondolewa huko mwaka 2006 pamoja na ng'ombe wao, awaulize walikofikia na walichopoteza; kisha ateremke hadi mabwawa ya Mtera na Kidatu, ambako maji yayo hayo huendesha mitambo ya umeme. Sherehe isiyowataja waliohamishwa, kwa rai yangu, ni kuwadhulumu. Tena filamu hiyo ionyeshwe kwanza Mbarali, wilaya ya bonde hilo la Usangu, mbele ya wakulima na wafugaji hao, kabla haijapelekwa kwa wafadhili.