MANENO YA KATIBU KWENYE MKUTANO WA TAWI: VIBALI VYA UJENZI

Kwa waliokosa mkutano wa Jumapili, haya ndiyo tuliyosema.

Sheria ndogo za ujenzi hazianzii Dodoma. Halmashauri huandaa rasimu, hutoa tangazo ili wananchi walete pingamizi, kisha Waziri wa TAMISEMI huidhinisha, zinachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Hilo tangazo tulisome, ndugu zangu.

Ila kasoro kubwa haipo kwenye karatasi. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa liliporomoka Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, wakafa watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 ikawa Kariakoo. Sheria zilikuwepo mara zote mbili.

Ada ya kibali hulipwa kwa kontroo namba, na tunaiona kwenye taarifa ya mapato. Mkaguzi amefika saiti mara ngapi kuangalia msingi na nondo kabla zege halijamwagwa? Hesabu hiyo hatuioni popote. Tumemwomba diwani aidai kwa maandishi, mtaa kwa mtaa.

Mwenye picha ya jengo linalopanda bila bango amtumie katibu, si humu kwenye grupu.