Mama Ni Kiongozi wa Imani: Hotuba ya Mwenyekiti Katika Sherehe ya Miaka Kumi



Habari za hisa na mikopo mtazipata katika taarifa ya mweka hazina. Mimi nimepewa kusema juu ya umama wetu sisi wanawake wa Kikristo, kwamba ni wito wa kuongoza watu kiroho.

Elimu yangu ni ya darasa la saba, na kusimama mbele za watu bado kunanitetemesha. Lakini semina moja tulifundishwa habari za Mary Sumner, mke wa mchungaji kule Old Alresford, Uingereza. Mwaka 1876 aliwaita akina mama nyumbani kwake waongee habari za malezi. Walipofika, hofu ikamshika, akawaomba warudi wiki inayofuata. Wiki ile akasema. Ndio mwanzo wa Umoja wa Akina Mama wa Anglikana, ambao leo uko hata hapa Tanzania. Basi na mimi nitasema.

Wengi tunadhani kiongozi wa kiroho ni yule mwenye joho tu. Someni Samweli wa Kwanza, sura ya 1 mpaka ya 3. Eli alikuwa kuhani katika nyumba ya Mungu kule Shilo. Wanawe walikuwa wakipora sadaka naye anajua. Aliwasema kwa mdomo, basi. Hana hakuwa na cheo. Hata alipokuwa akiomba, Eli alimdhania amelewa. Lakini mtoto wa Hana ndiye aliyekuja kuongoza taifa. Na Hana hakumtoa Samweli akamsahau. Kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Akina mama wenzangu, kanzu ile ni kama hisa zetu: kidogo kidogo, bila kukosa. Tena huwezi kumshonea mtoto kanzu kama hujui amekua kiasi gani.

Jamani, mimi nilikuwa Eli. Mwaka wetu wa tatu sanduku lilikuwa linalala kwangu, funguo tatu ziko kwa wanachama watatu. Nilikuwa nazunguka kufuatilia marejesho, mara semina, mara kwaya. Nilijua kila mwanachama anadaiwa kiasi gani, lakini sikujua kijana wangu analala wapi. Watu waliniambia anakunywa gongo, nikasema ni ujana, utapita. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Alfajiri moja nikakuta bawaba za sanduku zimeng'olewa. Shilingi 214,000 hazipo, na kijana hayupo.

Mume wangu akasema tuwaambie watu ni wezi wa nje. Nakiri hata mimi nilitaka iwe hivyo. Tungevunja dirisha, mambo yangekwisha. Niliomba mpaka jua likachomoza. Nikaona kwamba nikisema uongo ule, nitakuwa nimemfundisha mwanangu kuwa mama anayeongoza sala nyumbani ni mwongo. Siku ya kikao nikasimama, nikasema mwizi ni mtoto wangu na deni ni langu. Wanachama wawili walijitoa, mpaka leo hawajarudi, na siwalaumu.

Kijana alirudi baada ya wiki tatu. Sikumfukuza, wala sikumlipia. Nilimwambia, "Mwanangu, mlango uko wazi, chakula kipo, na deni lipo." Alifyatua matofali miezi tisa. Kila jioni nilimpelekea uji pale kwenye tanuru, tukaomba pamoja, siku nyingine yeye yuko kimya tu. Ile ndiyo ilikuwa kanzu yangu ndogo. Shilingi ya mwisho aliileta mwenyewe mbele ya kikao. Turubai hili mlilokaa chini yake kalifunga yeye, na ameniruhusu niyaseme haya.

Najua wapo hapa akina mama walioomba miaka mingi na mtoto hajarudi. Si kwamba hamkuomba vizuri. Monika alimlilia mwanawe Agostino kwa miaka na miaka. Alibatizwa mwaka 387, na mama yake akafariki mwaka huohuo. Naye aliyejaliwa kuona mavuno asijisifu.

Na wewe dada yangu ambaye hukujaliwa kuzaa, usiseme hotuba hii hainihusu. Katika Waamuzi sura ya 5, Debora anaitwa mama katika Israeli, na Biblia haitaji mtoto wake hata mmoja. Watoto wa kijiji hiki ni wako.

Tangu kikao kile tuna desturi kwamba kabla ya kufungua sanduku tunaulizana habari za watoto, mmoja mmoja, kwa majina. Naomba tusiiache, hata fedha zikiwa nyingi namna gani. Sanduku tunaweza kulivunja tukagawana kila mwisho wa mwaka, lakini watoto hatugawani. Kila mmoja wetu akifika nyumbani leo ajiulize: kanzu ya mwaka huu nimeishona?

Mungu awabariki, awabarikie na watoto wenu.