Mvuvi wa Burudani na Jina la Mwanamazingira

(Mazungumzo ya Afisa wa Habari wa Kaunti ya Kilifi mbele ya manahodha, wavuvi na wenye maboti mjini Watamu. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.)

   

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kwa kulisikia tu linaonekana jepesi: je, mtu anayevua kwa burudani hujiona kuwa mwanamazingira? Nilipowauliza baadhi yenu wiki mbili zilizopita, wengi mlicheka. Mmoja alinijibu kwamba yeye ni mvuvi basi, na wanamazingira ni watu wa semina. Mwingine, mwenye boti, alisema anapenda bahari kuliko yeyote aliyemo katika semina hizo, ila jina hilo halitaki. Majibu haya mawili ndiyo yaliyonifanya nikubali kusimama hapa.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. Uvuvi wa burudani ni ule wa ndoana na mshipi ambao anayevua hategemei samaki yule kwa chakula wala kwa biashara. Lakini ndani ya boti moja mna watu wa aina mbili. Mgeni anayevuta mshipi yuko mapumzikoni. Nahodha anayeusoma mkondo, na baharia anayefunga chambo, wako kazini, na karo ya watoto wao inatoka hapo. Kwa hiyo ninaposema mvuvi wa burudani nawataja wote wawili, na mara nyingi anayeijua bahari zaidi ni yule asiyelipia safari.

Sasa kuhusu jina. Hapa Kenya, ukitaja mwanamazingira, mtu humfikiria marehemu Profesa Wangari Maathai: harakati ya Green Belt aliyoianzisha mwaka 1977, mvutano wa bustani ya Uhuru mwaka 1989, Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Ni jina la miti na la kusimama mbele ya serikali. Samaki hawamo kwenye picha hiyo. Mtu aliyeshika fimbo ya kuvulia hajioni humo, na nadhani hata wapanda miti hawamwoni.

Kwetu Pwani kuna jambo zito zaidi. Neno lililotufikia mapema halikuwa mazingira, lilikuwa hifadhi. Mwaka 1968 mbuga za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa, miongoni mwa za kwanza kabisa barani Afrika. Ndani ya mbuga hakuna kuvua kwa namna yoyote, na katika eneo la akiba linalozizunguka zinaruhusiwa njia za jadi. Matumbawe yamepona kwa sababu hiyo, na watalii wanakuja kuyaona. Lakini kwa mzee ambaye baba yake alitega malema mahali pale, hifadhi maana yake ni kamba iliyovutwa mbele yake. Mtoto wa mzee huyo akiwa leo ni baharia kwenye boti la uvuvi wa burudani, ukimwita mhifadhi atakutazama mara mbili. Lazima tuanze na ukweli huo, maana wageni wetu wengi hawaujui.

Pamoja na hayo, wavuvi wa burudani wa pwani hii wana matendo ambayo hayafanani na ya mtu asiyejali. Kwa miaka mingi maboti ya Watamu, Malindi na kwingineko yamekuwa yakitia alama nduaro na sulisuli na kuwaachilia, kazi ambayo African Billfish Foundation, yenye makao hapa hapa Watamu, imeiratibu. Mmeiona: samaki analetwa ubavuni mwa boti, anachomwa kialama chenye namba karibu na pezi la mgongo, tarehe na mahali vinaandikwa, kisha anakokotwa taratibu boti likisonga mbele ili maji yapite kwenye mashavu yake hadi apate nguvu ya kwenda. Akinaswa tena, iwe na sisi au na meli ya mbali, namba ile inatueleza amesafiri kutoka wapi na kwa muda gani. Wanasayansi peke yao wasingekuwa na fedha za kukodi boti kila siku ya kaskazi kufanya kazi hiyo. Inalipiwa na mtu aliyekuja kustarehe.

Na inahitajika. Kamisheni ya Tuna ya Bahari ya Hindi, ambayo Kenya ni mwanachama, imekiri kwamba nduaro wa milia anavuliwa kupita kiasi. Mwaka 2018 kamisheni hiyo ilipitisha azimio namba 18/05 linalokataza kubaki na nduaro au sulisuli ambaye hajafika sentimita 60 kutoka taya ya chini hadi penye uma wa mkia. Wengi wa samaki hao wanakufa kwenye nyavu na mishipi mirefu, si kwenye fimbo.

Je, kumwachilia samaki kunatosha kumpa mtu jina? Hapa naomba wageni wetu wanivumilie. Kuna mchuuzi hapa Watamu ambaye kwake sulisuli wa kilo 30 aliyerudishwa baharini ni riziki ya siku kadhaa iliyotupwa mbele ya macho yake. Kumwambia mama huyo kwamba huo ni uhifadhi, bila neno lingine, ni kukosa adabu. Tena si kila anayeachiliwa anaishi. Ndoana ikimezwa hadi tumboni, samaki anaondoka akiwa ameumia. Ndiyo sababu manahodha wengi wamehamia ndoana za duara, ambazo hushika pembeni mwa mdomo. Na yule anayemtoa samaki nje ya maji dakika nzima kwa ajili ya picha asijidanganye kwamba amefanya hisani.

Nchi nyingine wavuvi wa fimbo waliingia katika mambo ya mazingira kwa mlango wa hasira. Marekani, mwaka 1922, watu 54 walikutana Chicago wakaunda Izaak Walton League kwa sababu mito waliyokuwa wakivua ilikuwa imejaa uchafu. Baadaye, mwaka 1950, nchi hiyo ilipitisha sheria ya kuelekeza ushuru wa vifaa vya kuvulia kwenye kurudisha samaki katika maji ya majimbo yote. Yaani ukinunua fimbo, unachangia mto. Sijui kama kila mnunuzi anajiita mwanamazingira, ila fedha yake haiulizi.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Uingereza, na nitakikalia kidogo.

Karibu na mji wa Derby unapita mto Derwent. Chama cha wavuvi wa burudani, Pride of Derby, kilikuwa na haki ya kuvua katika sehemu ya mto huo. Kiwanda cha British Celanese kilikuwa kikimwaga taka zake mtoni, kituo cha umeme kikimwaga maji ya moto, na baraza la mji lenyewe likimwaga maji ya choo ambayo mitambo yake haikuyasafisha vya kutosha. Samaki wakaisha. Wavuvi wakawashtaki wote watatu, kwa msaada wa ushirika wa wavuvi ulioanzishwa mwaka 1948 na wakili aitwaye John Eastwood. Mwaka 1953 Mahakama ya Rufaa iliwapa haki. Baraza la mji lilijitetea kwamba watu wameongezeka na kujenga mitambo mipya ni gharama. Mahakama haikukubali kuwa hiyo ni ruhusa ya kuchafua mto, ila ilitoa muda wa kurekebisha.

Mimi ni mfanyakazi wa serikali ya kaunti, kwa hiyo mnaweza kushangaa kwa nini nasimulia kwa furaha habari ya wavuvi kulishtaki baraza la mji wakashinda. Naisimulia kwa sababu mto ulipata nafuu, na watu wa Derby ambao hawakuwahi kushika ndoana walinufaika. Wavuvi wale walikwenda mahakamani kutafuta samaki wao. Hakuna aliyehitaji kujiita chochote.

Tofauti kati yao na sisi ni moja, na ni kubwa. Wao walisikilizwa kwa kuwa walimiliki haki ya kuvua. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikitishiwa, bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo Malindi, safari ya matatu tu kutoka hapa. Mvuvi, mchuuzi, mgeni mwenye boti, mwalimu, wote mlango ni mmoja.

Derwent yetu ni ipi? Mimi nasema ni Sabaki. Mto ule unaanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, unapokea maji ya mto Nairobi pamoja na yote yaliyomo, unapita Ukambani na Tsavo ukiitwa Galana, kisha unatapika udongo mwekundu baharini kaskazini ya Malindi. Matumbawe ya Malindi yameweka kumbukumbu ya udongo huo kama daftari. Wanasayansi walisoma tumbawe moja la umri wa miaka 300 hivi wakakuta kwamba udongo uliongezeka ghafla mwanzoni mwa karne ya 20, pale ardhi za bara zilipoanza kulimwa kwa mtindo mpya chini ya ukoloni. Kwa hiyo tope linaloifunika ghuba yetu msimu wa mvua lina historia ndefu, na chanzo chake kiko katika kaunti ambazo hazina pwani.

Nahodha wa Malindi anaujua mpaka ule wa maji ya tope na maji ya buluu kuliko afisa yeyote. Anautafuta makusudi kwa kuwa samaki wakubwa huwinda ukingoni mwake. Anajua umesogea wapi mwaka huu na ulikuwa wapi miaka kumi iliyopita. Ujuzi huo unalala kichwani mwake au katika daftari la boti, na hakuna kikao cha mazingira kinachoupata.

Kipimo changu, basi, si samaki wangapi wameachiliwa. Mtu kulinda kile anachokipenda ni jambo la kawaida. Huko Aberdare na Mlima Kenya kuna watu wanaolinda mito kwa ajili ya trauti, samaki wa kigeni aliyeletwa kutoka Uskoti mwaka 1905. Mito inafaidika kwa ulinzi huo, hilo silikatai, ila wanaolindwa kwanza ni wageni. Nataka kujua kama mvuvi wa nduaro atajitokeza jambo linapohusu samaki ambaye hana habari naye: mikoko ya Mida inapokatwa, ambamo vifaranga vya samaki wa mama mchuuzi hukulia, juya linapokokotwa kwenye majani ya bahari, au wavuvi wa mitumbwi wanapotaka msaada wa kulinda eneo lao.

Hao wa mitumbwi, kwa njia, hawakungoja kuitwa. Kule Kuruwitu, kusini mwa kaunti yetu, wavuvi walikubaliana kuanzia mwaka 2005 kufunga kipande cha bahari yao wenyewe, wakakiita tengefu. Hakuna aliyewavutia kamba. Mwaka 2017 walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mkiuliza nani mwanamazingira wa pwani hii, mimi ningeanzia hapo, kisha nishuke hadi kwenye maboti makubwa.

Jambo la mwisho ni la kiofisi. Jedwali la Nne la Katiba linaweka ulinzi wa mazingira, pamoja na uvuvi, mikononi mwa serikali ya kitaifa, na papo hapo linaipa kaunti kazi ya kilimo ambayo ndani yake mna uvuvi. Mkanganyiko huo unawachosha, naujua, na hata sisi unatuchosha. Matokeo yake ni kwamba malalamiko kuhusu meli za mbali au tope la Sabaki hayamalizwi na idara moja ya Kilifi. Lakini yakiandikwa na kuwasilishwa katika vikao vya ushirikishwaji wa umma, yanaingia kwenye kumbukumbu rasmi, na kaunti inapoketi na wenzake wa juu ya mto inakuwa na kitu mkononi. Mpaka sasa, katika vikao nilivyohudhuria kuandika habari, nimewaona wakulima, wafugaji na wenye nyumba. Wenye maboti ya burudani sijawaona.

Tangazo la kikao kijacho litabandikwa katika ofisi za wadi na bandarini, na litachapishwa katika jarida hili. Njooni na madaftari ya boti, yale yenye tarehe na rangi ya maji, hata yaliyoloa chumvi. Baharia aje pia, asitumwe kwenda kuosha boti.