Nipeni Mji: Mbegha, Dadu na Msimuliaji



Aliyelelewa na bibi anaukumbuka mchezo huu. Kitendawili! Tega! Mkishindwa, bibi hafumbui bure. "Nipeni mji." Mnampa Soni, anaukataa. Mnampa Tanga, anaupokea, kisha anasafiri: amefika Tanga, amepokewa vizuri, ameulizwa habari za nyumbani, akajibu kwamba huko kuna watoto jambo dogo tu limewashinda. Ndipo anafumbua. Kwa dakika ile Tanga ni yake, nasi ndio tuliompa.

Naanzia hapo kwa sababu mchezo ninaouzungumzia leo wengi huudhani mgeni kabisa. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, uliochapwa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Watu wachache huketi mezani. Mmoja ni msimuliaji: anaueleza msitu, wanyama na wanakijiji. Kila mwingine anamshika mhusika mmoja na kumwamulia la kutenda. Penye shaka, dadu lenye nyuso 20 hukata shauri. Kisa kimoja huweza kuchezwa miezi, hata miaka.

Mwaka huohuo, katika jimbo hilohilo, chuo kikuu kilichapa kitabu cha Steven Feierman kuhusu ufalme wa Wasambaa. Ni sadfa tu, lakini inanifurahisha, maana Mbegha, mwindaji aliyeuanzisha ufalme huo, ni mhusika anayefaa mno meza ya mchezo huu. Ni kigego, aliyeota meno ya juu kwanza. Ndugu wamemnyima urithi. Mtoto wa mkuu wa Kilindi ameuawa na nguruwe mwitu walipokuwa mawindoni pamoja. Sasa anakimbia, na mbwa wake na mikuki, hadi anafika Bumbuli na nyama.

Tumsimamishe hapo. Msimuliaji anasema: "Ukungu umeshuka kutoka msitu wa Mazumbai. Wanawake watatu wamebeba ndizi, wanakutazama. Nguruwe wamelimaliza shamba lao. Unafanya nini?" Halafu ananyamaza.

Kunyamaza huko ndiyo kazi yenyewe, na huwashinda wengi. Msimuliaji aliyekwisha kuamua kwamba Mbegha lazima aue simba, afike Vugha, atawale, kama masimulizi yasemavyo, atawaburura wachezaji kama mbuzi wapelekwao mnadani. Kijana akisema, "Nyama siwapi bado, wanionyeshe kwanza njia ya nguruwe," dadu litupwe. Likianguka 4, usiku umemkuta msituni, na mmoja wa wale wanawake anakuja na mwenge kumtafuta. Hayo hayamo katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy kinachosimulia kisa cha Mbegha, wala si lazima yawemo.

Najua wapo wazee wanaohofia kwamba tunaichezea historia. Hofu yao naiheshimu. Lakini kijana aliyewahi kupima mwenyewe ampe nani paja la nguruwe, naye apewe ndizi kiasi gani, ameelewa kwa nini mwindaji mgeni aliweza kuwatawala wakulima. Mimi sijaona darasa linalofundisha hilo vizuri zaidi.

Kwa hiyo nawaomba walimu waliopo: wakusanyeni watoto wanne Jumamosi moja. Dadu la nyuso 20 likikosekana, andikeni 1 hadi 20 kwenye vipande vya karatasi, mvitie ndani ya kibuyu. Mwiteni na mzee mmoja akae nao, na akidai mji, mpeni Bumbuli.