Ngumi ya Mwenye Woga



Bamoja wanaomba tuwafukuze vijana waliopigana ku mkutano. Tuongee kwanza.

Tunasema, "Ule ni mukali, amezaliwa vile." Ni kweli, kuna anayewaka haraka na kuna mpole. Lakini kuna pia wasiwasi. Mtoto aliyekimbia bunduki za Pweto mwaka 2017, akakomalia Mantapala kule Zambia, mwili wake ungali unachunga hatari. Ukimgusa bega, anapiga mbele asipigwe. Huyo si sawa na mwenye kupiga juu ya kunyang'anya simu ya mwenzake.

Tena wenye woga wengi hawapigi mtu, wananyamaza tu. Nao tuwaangalie.

Fimbo inaongeza woga, na woga unarudisha ngumi. Sisi kamati tunasema: wabaki. Waombe musamaha, walipe viti vilivyovunjika, na mkubwa mmoja awe anawauliza kila juma: unalala muzuri? Usingizi ukikataa siku nyingi, tumpeleke kituo cha Joseph Guislain, hapa Lubumbashi. Michango yenu italipa transporti na dawa.