Gogo la Sao Hill na Elimu ya Mwalimu

Mhadhara wa umma, Mafinga



Ipo hoja inayofufuka kila tunapopungukiwa walimu: anayelijua somo anaweza kulifundisha, na kozi za ualimu ni kupoteza muda. Leo nimekuja kuipinga.

Historia mnaijua. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza 2004, shule za kata zikachipuka kila mahali, walimu wasitoshe, wahitimu wa kidato cha sita wakanolewa kwa muda mfupi na kupelekwa darasani, wananchi wakawaita "voda fasta". Mwaka 2005 iliyokuwa Sekondari ya Mkwawa, Iringa, ikawa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sitakaa hapo.

Hoja hiyo ina chembe ya ukweli: asiyejua kemia hafundishi kemia. Lakini itazameni inavyoanguka hapa hapa Mufindi, tunakoishi kwa mbao za msitu wa Sao Hill. Niliwahi kumkagua mwanachuo aliyekuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, hodari hasa wa baiolojia. Aliandika mlinganyo wa usanisinuru ubaoni, wanafunzi wakanakili, wakaitikia kwa pamoja. Kipindi kilipoisha nikawauliza: gogo la msindano mnaloliona kwenye lori, uzito wake umetoka wapi? Udongoni, wakasema. Mlinganyo ulikuwa bado haujafutwa.

Jibu hilo si la kijinga. Katika kitabu kilichochapishwa 1648, baada ya kifo chake, mwanasayansi Jan Baptist van Helmont alieleza jinsi alivyokausha udongo, akaupima, akapanda mche ndani yake na kuumwagilia kwa miaka 5. Mti uliongezeka takribani kilo 74. Udongo ulipungua takribani gramu 57 tu. Jaribio zuri kuliko hilo sijaliona! Udongo uliondolewa shakani mara moja. Hata hivyo akahitimisha kuwa mti wote ni maji, ilhali ni yeye huyo aliyechunguza gesi itokayo kwenye mkaa unaoungua. Gesi hiyo ndiyo kaboni dayoksaidi, nayo, pamoja na maji, ndiyo iliyoujenga mti. Aliijua, asiihusishe. Basi mtoto wa kidato cha pili tumlaumu kwa lipi?

Mwalimu anayejua mahali hapo pa kuteleza ataanza na gogo, kisha ndipo aje kwenye mlinganyo. Ujuzi huo haupatikani katika baiolojia peke yake, wala katika saikolojia ya jumla. Hupatikana kwa kusahihisha madaftari ya watoto wale wale, wiki baada ya wiki, na kuuliza kosa limetoka wapi. Ndiyo maana sehemu ninayoithamini kuliko zote katika andalio la somo ni tathmini, ile ambayo wengi huijaza "somo limeeleweka" hata kabla kengele haijalia.

Kwangu mimi, mazoezi ya kufundisha yawe muhula mzima, katika darasa moja. Nimezipima gharama: posho, nauli za wakaguzi, uchache wa wahadhiri. Ni nzito, na bado nasema muhula mzima.

Wakuu wa shule mliopo, wanachuo wakija msiwatumie kuziba vipindi vya kila darasa. Mpeni kila mmoja darasa lake hadi mtihani, na msisaini tathmini yoyote kabla hajawaonyesha madaftari aliyoyasahihisha.