Kuku wa Miguu Minne

Juma hili nataka tuzungumze habari ya kazi ndogo ya mikono, nayo ni kufuma wanasesere kwa kroshia, hasa wale wanaofumwa kwa kufuata michoro ya watoto wenyewe. Najua wako watakaosema kwamba nchi ina mambo mazito, na huyu mama anatuletea midoli. Nivumilieni kidogo.

Wengi wetu kroshia tunaijua kwa vitambaa vya makochi: sindano moja yenye kulabu nchani, bunda la uzi, na saa za jioni baada ya vyombo kuoshwa. Mashine za viwandani hufuma masweta na soksi kwa maelfu, lakini kroshia mpaka leo ni kazi ya mkono. Ukikiona kitu cha kroshia, jua yuko mtu aliyekaa akakifuma kitanzi kwa kitanzi. Wajapani ndio walioipa umaarufu duniani ile namna ya kufuma wanyama na wanasesere wadogo wa kujazwa, nao huiita amigurumi. Ufundi wake ni hesabu tu. Unaanza na vitanzi 6 katika duara, mzunguko wa pili unafanya 12, wa tatu 18, wa nne 24, na kitu chako kinalala bapa kama sahani. Ukiacha kuongeza, kingo zinasimama kama kikombe. Ukianza kupunguza, mdomo unafumba na kuwa tufe, nawe unakuwa umekwisha kulijaza pamba kabla halijafumba kabisa. Kichwa ni tufe, mkono ni bomba, sikio ni sahani iliyokunjwa. Mwenye kujua kuongeza na kupunguza anaweza kufuma tembo.

Tembo wa kitabuni, nasema. Mchoro wa mtoto ni shughuli nyingine kabisa.

Maana mtoto wa miaka mitatu au minne humchora mtu kwa duara moja kubwa, na miguu inatoka hapo hapo kichwani. Tumbo hakuna. Mikono, ikiwepo, inatoka mashavuni. Tena si watoto wa mtaani kwetu tu. Wazungu wamewaona wao wakichora hivyo hivyo, wakaandika vitabu. Mfaransa mmoja, Georges-Henri Luquet, alitoa kitabu juu ya michoro ya watoto mwaka 1927, akaeleza kwamba mtoto huchora kile anachokijua kuliko kile anachokiona. Ndiyo maana atakuchorea nyumba na watu waliomo ndani wanaonekana, kana kwamba ukuta ni wa kioo. Haoni kupitia ukuta. Anajua tu kwamba bibi yumo ndani, amekaa, basi anamweka.

Sasa sikilizeni. Jirani yangu, mama wa watoto wawili, alinijia na karatasi ya mwanawe wa miaka mitano. Ilikuwa kuku. Kuku mwenyewe ana jicho moja kubwa, mkia unaokwenda hadi ukingoni mwa karatasi, na miguu minne. Mama akaniambia, "Dada, nifumie huyu, lakini tafadhali mrekebishe. Mpe miguu miwili, watu wasije wakamcheka mwanangu."

Nikamwita mtoto, nikamwomba anieleze kuku wake. Sikumuuliza kwa nini amekosea, maana ukimuuliza hivyo atakunyamazia au atafuta. Akaniangalia kama mtu mzima anavyomwangalia mgeni asiyejua njia. "Miwili ya kutembelea, Shangazi," akasema, "na miwili ya kuchakuria."

Hebu wewe msikilizaji nenda kamtazame kuku jalalani anapochakura kwa kasi, halafu uniambie umehesabu miguu mingapi.

Mama yake hakukubali upesi, na hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Alisema mwakani mtoto anaingia darasa la kwanza, mwalimu ataweka mkasi mwekundu juu ya kuku huyo, na mimi sitakuwapo kumtetea. Alisema pia, kwa haki, kwamba fedha ni zake. Nilimjibu kwamba kuku wa miguu miwili mtoto anamwona kila siku uani, hakuna aliyemficha, na siku akiulizwa katika mtihani atajibu vizuri. Lakini huyu wa karatasini amemtoa kichwani mwake. Mimi nikimrudishia aliyerekebishwa, nitakuwa nimemwambia kwa uzi na pamba kwamba tumelipokea wazo lako, tumelikuta na kasoro, chukua letu. Na letu liko tele madukani. Kama shida ni kuku wa kawaida, nikamwambia, nenda kamnunue wa plastiki, atakuwa rahisi kuliko wangu.

Akacheka, akaniachia karatasi.

Nilimfuma kwa siku nne, jioni tu. Jicho nililidarizi kwa uzi mweusi, sikutia kifungo. Kifungo kinang'oka, na mtoto mdogo akikimeza au kikamkaba kooni hiyo si michezo tena. Nilikaza vitanzi ili pamba isichungulie. Sufi ninaipenda kwa mito, lakini kwa mwanasesere hapana, kwa sababu ikifuliwa inashikana madonge, na mwanasesere wa mtoto lazima atafuliwa. Halafu nikagundua jambo ambalo fundi yeyote wa kroshia atalicheka: kuku wa uzi wa miguu miwili huanguka kifudifudi usipomtia waya, na waya si kitu cha kumpa mtoto. Huyu wa minne alisimama mwenyewe mezani.

Mtoto alipoletewa hakurukaruka. Alihesabu miguu, mmoja mmoja. Akageuza kichwa kuhakikisha upande wa pili hauna jicho. Kisha akaulaza mkia juu ya karatasi yake akaupima. Ulitosha. Ndipo akamchukua.

Kazi hii wako wanaoifanya mbali na hapa, si kwa kroshia peke yake. Huko Vancouver, Kanada, Wendy Tsao alianza mwaka 2007 kushona wanasesere wa kitambaa kutokana na michoro ya watoto. Mwaka 2015 kampuni ya IKEA ilitoa wanasesere kumi waliochaguliwa kutoka michoro ya watoto wa nchi mbalimbali, na fedha zikaenda kusaidia watoto. Ni jambo jema. Ila mimi napenda zaidi ile isiyo na mashindano, ambapo mchoro hauna haja ya kushinda maelfu ili ushikwe mkononi. Na tusisahau kwamba watoto wetu walikwisha kuwa mafundi zamani, walipobeba gunzi la mahindi mgongoni wakaliita mtoto, na hakuna aliyewaambia gunzi halina macho.

Kuna jambo moja limebaki. Mtoto yule ana dada yake, yuko darasa la nne, ana akili na daftari zake ni safi. Nilimwona anamtazama yule kuku, nikampa karatasi, nikamwambia na wewe nichoree kitu nikufumie. Akaniuliza, "Nichore nini, Shangazi?" Nikamwambia chochote. Akauliza kama nina rula. Nikamwambia rula haihitajiki. Akauliza kama nina kitabu chenye picha, aangalizie.

Ni wiki ya tatu sasa. Karatasi bado anayo, na kila tukikutana njiani ananiambia anafikiria. Mimi nimemwekea uzi wa rangi ya machungwa, maana hilo alilitaja.